Ambrose Chidgey na Swali la Chungu

Wageni wanaopita Harlcombe siku hizi huonyeshwa nyumba kubwa ya mawe pale darajani na kuambiwa, "Hiyo ni ya Bwana Burge, mbunge wetu, rafiki wa mfalme." Hakuna anayewaambia ni nani aliyeijenga, wala ni nani aliyeipoteza kwa ajili ya mfalme. Nimechoka kuusikia uongo huo ukisemwa kwa tabasamu. Aliyeipoteza ni mjomba wangu, Ambrose Chidgey. Hakuwa mtu mkubwa. Baba yake aliuza nguo za sufu, yeye mwenyewe aliuza nguo za sufu, na mikono yake ilinuka mafuta ya kondoo hata akiwa kanisani.

Harlcombe tuna haki ambayo miji mingi ya hapa Somerset, Uingereza, haina. Hapa mtu hahitaji shamba wala cheo ili apige kura. Mwanamume yeyote anayechemsha chungu chake mwenyewe, juu ya moto wake mwenyewe, kwa nusu mwaka mfululizo bila kulishwa na sadaka za parokia, ana sauti. Siku ya uchaguzi anasimama mbele ya meza ya mkuu wa mji, pale sokoni, anaulizwa, "Unachemsha chungu chako?" Anajibu, "Nachemsha," kisha anataja jina la mtu wake kwa sauti, mji mzima usikie. Tunapeleka wabunge wawili. Kiti cha kwanza ni cha jamaa wa bwana mkubwa mwenye ngome ya mji, na hakuna anayepoteza pumzi yake kukigombea. Cha pili ndicho chetu.

Swali lile lile huulizwa wagombea kwanza, maana wazee wa zamani walitaka anayetumwa awe mmoja wa wanaomtuma. Lakini wagombea siku zote walikuwa watu wenye majumba na wapishi, kwa hiyo swali likageuka mzaha. Mwaka wa 1640, mjomba aliposimama mara ya kwanza, mkuu wa mji alimwuliza, "Bwana Chidgey, unachemsha chungu chako?" Naye akajibu, "Kinachemka mpaka kifuniko kinacheza ngoma!" Watu wakacheka, wakapiga kelele za jina lake, wakambeba juu ya kiti mabegani wakamzungusha mji mzima. Mama yangu alikuwepo. Anasema kiatu kimoja kilimtoka, kikaangukia kwenye pipa la muuza bia.

London hakwenda kumpenda mfalme. Alikwenda kulalamika. Alilalamikia kodi za meli, alilalamikia maaskofu, alilalamikia mawaziri waliouza haki kama samaki. Lakini Bunge lilipoanza kukusanya askari lipigane na mfalme, alisimama akasema, "Mimi nilitumwa kumwambia mfalme ukweli. Sikutumwa kumpiga risasi." Akapanda farasi wake akaenda Oxford, alikokuwa mfalme, pamoja na wabunge wengine walioona kama yeye. Wenzangu chuoni Oxford, ninakosoma, hupenda kubishana kama alikosea au hakukosea. Wabishane. Ninachojua ni kwamba alikwenda akiwa na kila kitu na akarudi bila kitu, na katikati hapo hakuna siku hata moja aliyobadilisha neno lake.

Upande wa mfalme uliposhindwa vitani, mjomba aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Walimwekea kiapo mezani. "Apa kwamba utalifuata Bunge na dini yake mpya," wakamwambia, "nasi tutakutoza faini ndogo, urudi kwako ukalale." Watu wengi wa mfalme waliapa. Waliapa mchana, wakakitemea mate kiapo jioni. Mjomba alisema hawezi kuapa jambo asiloliamini. Basi wakamtwika faini nzito kiasi kwamba ilimbidi auze nyumba ya darajani, na ile safu ya vibanda vya wafumaji iliyoko Njia ya Kanisa.

Aliyenunua alikuwa Gideon Burge.

Niseme waziwazi Burge ni nani. Alikuwa mshirika wa mjomba katika biashara ya sufu, mtu mwenye sauti laini na makoti mazuri. Yeye hakupigania upande wowote. Aliapa kila kiapo kilichopita barabarani. Bunge lilipotaka kiapo, aliapa. Mfalme alipokatwa kichwa na serikali mpya ikataka kiapo, aliapa. Alipokuja yule jenerali aliyejiita Mlinzi wa Taifa, akaapa tena. Na mwaka wa 1660, mwana wa mfalme aliporudi kutoka uhamishoni, Burge ndiye wa kwanza Harlcombe kufunga utepe wa kifalme kofiani. Bendera hufuata upepo, lakini bendera angalau hainunui nyumba za watu.

Thomasine, mke wa mjomba, hakuishi hadi kuuona utepe huo. Alifariki katika chumba cha kupanga, majira ya baridi ya mwaka uleule waliohama. Baada ya mazishi, Bi Grace Tapp, aliyewahi kuwa mpishi wao, alimjia mjomba mlangoni.

"Bwana, fungasha."

"Niende wapi, Grace?"

"Kwangu. Nina chumba cha nyuma. Kinavuja, lakini kinavuja upande mmoja tu."

"Watu watasema."

"Waseme. Walisema nilipoolewa, walisema nilipofiwa. Beba godoro, mimi nitabeba kiti."

Hivyo ndivyo mbunge wa zamani wa Harlcombe alivyokuwa mpangaji wa mpishi wake. Akapata kazi ya kupima na kukagua nguo za wafumaji, akala njegere za Bi Grace kwa miaka, akamsubiri mfalme.

Mfalme akaja. Kengele zikalia mpaka kamba moja ikakatika. Mjomba alivaa koti lake la zamani akaenda London pamoja nami kudai nyumba yake. Na hapa damu yangu huchemka kila ninapokumbuka. Sheria mpya ilisema: ardhi iliyonyang'anywa moja kwa moja na serikali irudishwe kwa mwenyewe. Lakini aliyeuza kwa mkono wake mwenyewe, hata kama aliuza kwa sababu ya faini, hata kama faini ilitokana na kumtii mfalme, huyo aliuza kwa hiari. Kwa hiari! Karani mmoja wa ikulu alimwambia mjomba mbele yangu, huku akisafisha kucha, "Lakini sahihi ni yako, mzee." Mtu aliyeshikiwa kisu shingoni akavua koti, ndiyo tuseme amelitoa zawadi?

Mjomba hakupiga kelele. Tulipokuwa tunarudi alisema tu, "Sheria mbaya hutungwa Bungeni, na Bungeni ndiko inakofutwa. Uchaguzi unakuja." Kulikuwa na mamia ya watu kama yeye nchini kote, wenye sahihi za hiari namna ile. Alitaka kiti kile ili asimame awasemee wote. Hilo tu ndilo alilolitaka katika uzee wake.

Burge naye alikitaka. Nyumba alikuwa nayo, sasa alitaka na heshima ya mwenye nyumba. Tatizo lake lilikuwa wafumaji wa Njia ya Kanisa. Walikuwa wapangaji wake, lakini mioyo yao ilikuwa ya Chidgey, na kura zao zilitosha kuamua uchaguzi. Basi mwanzoni mwa vuli alituma waashi.

Walikuja na nyundo na mikokoteni. Digory Coram, mfumaji anayekaa kibanda cha kwanza, aliwauliza wanatafuta nini.

"Madohani yamechakaa," wakasema. "Bwana Burge anawahurumia. Tunayabomoa tujenge mapya."

"Mtajenga lini?"

"Bwana Burge atasema."

Wakabomoa kila jiko na kila dohani katika safu ile, wakaziba matundu kwa mbao, wakaondoka. Jioni hiyo mtumishi wa Burge akapita na tabasamu kuwaambia kwamba wasihangaike: chakula kitapikwa kwa wote katika ghala la bwana, waje na bakuli. Digory ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Alilitupa bakuli lake ukutani.

"Nyie hamwoni? Anatulisha ili tusipike! Asiyepika hana kura!"

"Kumbe!" akasema jirani yake. "Na mimi nilishaanza kumwombea."

"Mwombee. Mwombee tumbo la kuhara."

Walikwenda kwa mjomba wakiwa na hasira. Mjomba aliwasikiliza, kisha akauliza, "Desturi inasemaje? Inasema moto na chungu. Imetaja paa?" Wakatazamana. Haikutaja paa. Asubuhi iliyofuata Njia ya Kanisa nzima ilijaa mawe, na juu ya mawe vyungu vya chuma, kila mwanamume na moto wake mbele ya mlango wake.

Walipika nje majira yote ya baridi. Mvua iliponyesha walishika magunia juu ya moto. Theluji ilipoanguka waliifagia, wakawasha tena. Wanawake waliwatukana waume zao kwa kubana kuni, na waume waliwatukana wake zao kwa kukoroga polepole, na moshi ulijaa kanisani mpaka kasisi akahubiri juu ya jehanamu bila kuhitaji mfano. Mjomba alipita kila siku akionja. "Coram, chumvi!" "Chumvi iko kwa Burge, Bwana, kamwombe!" Alikula kijiko hapa na kijiko pale, akacheka, kisha akarudi kwa Bi Grace kula chakula chake cha mchana. Na sisi sote tulimwona akirudi huko. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kitu.

Siku ya uchaguzi ilifika mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Mkuu wa mji mwaka ule alikuwa Hercules Sully, muuza mishumaa, mtu mwema asiye na uti wa mgongo. Burge alikuja na kofia yenye utepe na watu wake wa ghalani nyuma yake. Wafumaji walikuja wakinuka moshi.

Burge alianza kwa kuwapinga. "Mheshimiwa mkuu wa mji, watu hawa hawana meko. Wanapika barabarani kama watu wa kambi."

"Nani aliyetuvunjia meko?" akapaza sauti Digory. "We Gideon, tangu lini ukajali tunakopika? Ulipoapa kwa Bunge tulikuwa tunapika wapi?"

"Huyu anatukana!"

"Situkani, nahesabu viapo vyako, vidole havitoshi. Nikopeshe vyako!"

Sully alifuta jasho. Alikuwa amepita Njia ya Kanisa kila Jumapili majira yote ya baridi, na koti lake bado lilinuka moshi ule. Akaamua kwamba moto ni moto na chungu ni chungu, na barabara ya Harlcombe iko Harlcombe. Kelele zilizopigwa zilirusha njiwa kwenye mnara. Mimi nilirusha kofia yangu na sijaiona mpaka leo. Kila mtu alijua uchaguzi umekwisha. Burge mwenyewe alijua, lakini hakuondoka. Alisubiri kelele zitulie, akasema kwa ile sauti yake laini:

"Sawa. Mimi naheshimu desturi. Basi tuifuate yote. Wagombea waulizwe swali."

Watu walicheka. Sully naye alicheka kwa nafuu, akamgeukia Burge kwanza. "Bwana Burge, unachemsha chungu chako?"

"Nachemsha, kwa neema ya Mungu na mfalme."

"Bwana Chidgey, unachemsha chungu chako?"

Sote tulisubiri mzaha. Digory tayari alikuwa amefungua kinywa kucheka. Nilimwona mjomba anatazama mikono yake. Ndipo nikaelewa, na nadhani kila mtu akaelewa wakati mmoja. Majira yote ya baridi tulimwashia kila mtu moto, tukatafuta mawe kwa kila mlango, na hatukumwekea yeye hata jiwe moja, kwa sababu alikuwa Bwana Chidgey na kwetu Bwana Chidgey alikuwa na jiko siku zote. Na jiko hilo, lile la nyumba ya darajani, sasa lilikuwa la Burge.

"Nauliza tena, Bwana," akasema Sully, na sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Sema 'ndiyo' tu. Ni desturi tu."

Bi Grace alisukuma watu akaja mbele, mikono imejaa unga. "Anachemsha! Chungu ni chake! Mimi ni mpishi wake tu, nimekuwa mpishi wake tangu nikiwa msichana, nani asiyejua? Kuni anakata yeye! Sully, andika!"

"Ni kweli!" wakapaza sauti wafumaji. "Chungu ni cha Bwana! Andika!"

Burge alikunja mikono. "Aape," akasema. "Wengine tumeapa."

Mjomba alimgeukia Bi Grace. Alizungumza naye kama vile walikuwa jikoni peke yao. "Grace, chungu ni chako. Njegere ni zako. Nimekula kwako miaka yote hii na hujawahi kunidai. Leo unataka nikuibie na chungu?"

"Niibie!" akasema Bi Grace. "Niibie, mwanamume wewe, ukae Bungeni!"

Mjomba akatikisa kichwa. "Mkuu wa mji," akasema, "sichemshi."

Siwezi kueleza sauti iliyotoka kwa watu wale. Haikuwa kelele. Digory Coram alikaa chini matopeni pale alipokuwa amesimama. Sully aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri, kisha akalifuta jina la Chidgey. Wafumaji waliitwa mmoja mmoja.

"Unachemsha chungu chako?"

"Nachemsha. Chidgey."

"Chidgey hayumo."

"Basi na mimi simo."

Ikawa hivyo mpaka mwisho wa safu. Waliosema jina la Burge walikuwa watu wa ghala lake tu, wachache wa kuaibisha, lakini wachache wanatosha kama hakuna mwingine. Wakambeba juu ya kiti. Alipopitishwa mbele yetu aliinama akasema, "Chidgey, hakuna uadui. Nikikuta nafasi ya ukarani London nitakukumbuka."

"Angalia mbele, Gideon," mjomba akamjibu. "Unaweza kudondoka."

Miezi michache baadaye habari zilikuja kutoka London. Bunge jipya lilikuwa limeamuru kile kiapo cha zamani, kile mjomba alichokataa akapoteza nyumba, kichomwe hadharani kwa mkono wa mnyongaji kama kitu cha uhaini. Na waliopiga kelele za "ndiyo" kwa nguvu, Burge alikuwa mmoja wao. Burge aliyekiapa! Hakuna aliyemwuliza kitu. Juu ya watu waliouza "kwa hiari" hakufungua kinywa hata siku moja, na kwa nini afungue? Alikuwa amelala katika kitanda chao.

Nilimwendea mjomba nikiwa nimewaka. Nilimwambia kwamba neno moja tu, neno moja dogo juu ya chungu cha njegere, lingeokoa familia mamia. Nilimwuliza uaminifu wake umemfaa nani.

"Unadhani sijajiuliza?" akasema.

"Basi jibu lake nini?"

"Hilo neno moja, Gideon naye alianza nalo." Akaenda kutafuta kuni.

Jibu hilo linanikera mpaka leo. Ni jibu zuri, na lilimwacha Burge Bungeni. Sikubali kwamba nchi ipangwe namna ambayo mtu mkweli lazima achague kati ya ulimi wake na kiti chake, wakati mwongo hupewa vyote viwili na utepe juu. Kosa halikuwa la mjomba. Kosa ni la waliotunga sheria ile, na la mfalme aliyeitia sahihi, na nitasema hivyo mbele ya yeyote.

Kuni zile alizozifuata zilikuwa za moto wake mwenyewe. Siku ileile alinunua chungu kidogo cha chuma, akajenga meko ya matofali katika pembe ya chumba chake kinachovuja, na tangu hapo akapika mwenyewe. Hakujua kupika. Njegere ziliungua chini na kubaki mbichi juu. Bi Grace alisimama mlangoni akiziba pua.

"Bwana, hata nguruwe wa Burge hawali hicho."

"Nusu mwaka, Grace. Nusu mwaka, halafu hata mfalme hawezi kuniuliza."

Nusu mwaka ulikwisha, akawa mpiga kura halali na mgombea halali. Akaendelea kupika, maana uchaguzi ungeweza kuitishwa wakati wowote na hakutaka kukatisha hesabu. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila aliyetoka London alimwuliza, "Mfalme amevunja Bunge?" Hajavunja. Mfalme alilipenda Bunge lile; lilimpa alichotaka, kwa nini aulize watu tena? Digory alimletea chumvi. Mimi nilimletea habari kutoka Oxford, na habari ilikuwa ileile. Majira ya baridi yaliyopita mjomba alishikwa na homa ya mapafu. Alikataa mchuzi wa Bi Grace mpaka Bi Grace akaupika juu ya moto wake yeye, katika chungu chake yeye, mbele ya macho yake. Alikunywa kidogo. Alifariki siku hiyo alasiri.

Naandika haya ukiwa mwaka wa 1667. Bunge lililochaguliwa siku ile sokoni bado linakaa, lile lile, na Gideon Burge bado yumo ndani.